Kiti cha Kushoto

Nyevu wa Mtongwe aliijua njia ya Lodwar kuliko madereva wengi, na hakupata kuipita hata siku moja. Ungemwamsha usingizini ukamwuliza baada ya Kapenguria kuna nini, angekujibu macho yamefumba: Chepareria, Ortum, Marich, Kainuk, Kalemng'orok, Lokichar, kisha Lodwar yenyewe. Alijua mahali milima inapoibana barabara mpaka dereva anazima redio asikilize injini. Alijua kwamba kule kuna mito isiyo na maji karibu mwaka mzima, mchanga mtupu, halafu siku moja maji yanashuka kwa kishindo na juu mbinguni hakuna hata wingu. Na yeye mwenyewe, toka azaliwe, mwisho wake ulikuwa Voi, tena kwa mazishi, tena alirudi jioni ileile.

Hayo yote aliyapata kwa mumewe. Changawa alikuwa dereva wa lori la mizigo, akipakia unga, mafuta na maharagwe Changamwe na kupeleka Turkana, miaka ishirini na sita. Kila akirudi, akishaoga na kula, husimulia, na Nyevu husikiliza huku anakanyaga cherehani, maana kazi yake ni kushona sare za shule na majoho ya kwaya. Daftari lake la vipimo lilikuwa na pande mbili. Mbele, viuno na mabega ya watu. Nyuma, majina ya miji, kila jina jipya analolisikia. Hakuna aliyejua habari za huko nyuma, na wewe usimwambie mtu.

Sasa utaniuliza, kama alitamani hivyo, mbona hakumwambia mumewe amchukue? Ehee! Hapo ndipo penyewe. Nyevu alilelewa na mamake, Mweri, na mtoto wa Mweri akitazama sahani ya jirani alifinywa paja mpaka akome. Kuomba ni aibu. Mwenye macho ataona una haja, atakupa mwenyewe. Na akikupa unakataa mara ya kwanza, unakataa mara ya pili, ya tatu ndiyo unapokea, tena kama mtu anayelazimishwa. Ndivyo tulivyo huku kwetu, na tunajiona tuna adabu kushinda dunia nzima.

Basi Nyevu hakuomba. Alidokeza.

"Huko Lodwar saa hizi jua litakuwa kali, sivyo?" husema.

"Mtu akivaa kofia halimdhuru," hujibu Changawa, anafunga kamba za viatu.

Au humfungia mahamri ya safari, akasema, "Nimetia mengi, yanawatosha watu wawili."

"Tanboi atafurahi," husema Changawa. Na kweli, tanboi, yule kijana msaidizi wake wa lori, alikuwa akifurahi. Alinenepa yule kwa mahamri ambayo hayakupikwa kwa ajili yake.

Nyevu alibaki mlangoni na leso yake begani, moyo umeshatangulia Mazeras, halafu akarudi kwenye cherehani. Miaka ishirini na sita! Mimi ningekuwa nimepiga kelele mwaka wa pili.

Miaka mitatu iliyopita lori lilitumbukia kwenye korongo kabla ya Kainuk, na mgongo wa Changawa ukaumia vibaya. Daktari alimwambia asiketi zaidi ya nusu saa, maisha yake yote yaliyobaki. Tangu hapo alikuwa akishinda kibarazani, amelala ubavu juu ya godoro jembamba, anasikiliza redio. Hakusimulia tena. Ukimtajia Lokichar aligeuza uso. Kwa hiyo Nyevu akawa na hamu mbili badala ya moja: hamu ya mahali asipopajua, na hamu ya sauti ya mume wake akimweleza mahali hapo. Ile ya pili ndiyo iliyomliza, akiwa peke yake bafuni, maji yanamwagika asisikiwe.

Mwezi wa pili mwaka huu, asubuhi, simu ya Changawa ikalia. Alikuwa Mansur, kijana aliyeirithi njia yake.

"Shikamoo, mzee Changawa."

"Marahaba."

"Nimeteremka na mgeni wako. Alinisimamisha baada ya Lokichar, akapanda, hakuniuliza naenda wapi. Nikamwambia naenda Changamwe na gari tupu. Akasema, huko huko ndiko anakotaka."

Changawa akainuka haraka mpaka akaguta kwa maumivu. "Ekai?"

"Ndiye. Nishamtia kwenye bodaboda, anapita Dongo Kundu. Ameketi na kigoda chake mkononi."

Nyevu alimjua Ekai kwa masimulizi. Mwaka wa mafuriko, maji ya mto mkavu yalimzuia Changawa siku tisa, tanboi akakimbia, na Ekai akamkalisha kwake, akamnywesha maziwa ya ngamia. Tangu hapo lori halikupita bila kusimama kwa Ekai. Nyevu alimwandika nyuma ya daftari, ndiye mtu pekee katikati ya majina ya miji.

Akaja. Mtu mrefu, makamo ya Changawa, shuka begani, viatu vya tairi, na kile kigoda kidogo cha mbao ambacho wanaume wa kwao hukikalia mchana na kukilalia kichwa usiku. Nyevu akamfungulia mlango na salamu zote alizofundishwa.

"Karibu, shemeji, karibu sana. Hujambo? Za safari? Nyumbani hawajambo? Watoto je? Mifugo? Mvua imewafikia?"

"Nzuri," akasema Ekai. Akamtazama Changawa pale godoroni, akamtazama sana, akaketi juu ya kigoda karibu na kichwa chake. "Changawa," akasema, "nipe hiyo kofia."

Na Changawa, masikini, akacheka kicheko ambacho Nyevu hakukisikia miaka mitatu, akavua kofia akampa.

Ikawa ndivyo siku mbili nzima. Ekai aliomba tochi, akapewa. Aliomba redio. Nyevu akashika kifua, redio ile ndiyo iliyokuwa ikimpa mgonjwa usingizi, lakini Changawa akasema, "Chukua, chukua." Aliomba kisu cha jikoni. Aliomba sindano za cherehani, tatu. Jirani yao Jael, mama wa kutoka Siaya asiyejua kunong'ona, akaita kutoka upande wa pili wa ua, "Nyevu! Huyo mgeni wenu kila neno ni 'nipe'! Kesho ataomba mlango!"

"Wee, nyamaza, atakusikia," akasema Nyevu, lakini moyoni alikuwa ameudhika. Hivi ndivyo walivyo watu wa huko alikokuwa akikuota? Hawana haya? Aliona ndoto yake inaingiwa na nondo.

Siku ya pili ikafika zamu ya leso. Alikuwa akimwandalia chai.

"Mama, nipe hiyo leso."

"Hii?" Nyevu akaivuta begani. "Aa, shemeji, hii imechakaa. Nitakutafutia nyingine nzuri, siku moja, Mungu akijalia..."

"Hutaki kunipa."

"Si kwamba sitaki..."

"Sema hutaki."

Nyevu akatazama huku na huku, hapana wa kumwokoa. "Sitaki," akasema.

"Vizuri!" Ekai akapiga goti lake kwa furaha, akanywa chai yake. Hakununa. Hakuwa na kinyongo hata chembe. Nyevu akarudi jikoni. Hakuwahi kumwambia mgeni "sitaki" tangu ajue kusema, na la ajabu ni kwamba alijisikia mwepesi.

Jioni hiyo, jua bado lipo, akamchukua Ekai kumwonyesha bahari, pale penye gati la zamani la feri. Alingoja mgeni ashangae. Mtu wa jangwani, bwana, lazima ashangae! Ekai akatazama.

"Hata sisi tuna ziwa," akasema. "Kubwa. Ng'ambo yake haionekani. Hapa ng'ambo naiona, kreni zinapakua makasha." Akaonyesha kidole. "Kule umefika?"

"Mara nyingi."

"Na baada ya kule?"

Nyevu akajibu, "Voi." Akaona aibu, ikawa kama ndiye aliyetoka mahali pa mbali pasipojulikana, na huyu mwenye shuka ndiye mwenye dunia. Akataka kumwambia: najua baada ya Kapenguria kuna nini. Hakusema.

Siku ya tatu, mchana, Nyevu akapika wali wa nazi na mchuzi wa samaki, wakala kibarazani, Changawa kajiegemeza kwa kiwiko. Ekai alipomaliza akanawa, akakisogeza kigoda mbele ya rafiki yake.

"Changawa. Nilikuja kukuuliza. Nilikukosea nini?"

"Wewe? Hujanikosea kitu!"

"Uliacha kupita. Miaka mitatu. Mansur akaniambia ni mgongo. Nikasema, labda. Lakini mimi nilijua mapema kwamba utaniacha. Miaka ishirini mimi nakuomba, unanipa. Tumbako, kamba, tairi kuukuu. Wewe hujaniomba kitu hata kimoja. Kwetu, mtu asiyekuomba ni mtu ambaye hataki kukujua. Anajiweka tayari kuondoka."

Changawa akaduwaa. "Ekai, ndugu yangu! Kwetu kuomba ni aibu. Nilikuwa nakuheshimu."

"Nilikupa mbuzi. Ulikataa."

"Nilikataa mara moja tu!"

"Mara nne. Miaka minne, kila mwaka mbuzi mmoja, kila mwaka unakataa."

"Ala! Ulitakiwa unibembeleze! Mtu anakataa, unamwambia tena, anakataa, unamwambia tena, ndipo anachukua. Mimi nilikuwa nangoja uniambie tena!"

"Umesema hutaki," akasema Ekai. "Mimi ni nani wa kusema unataka?"

Nyevu, aliyekuwa akikusanya sahani, akasimama pale pale.

"Basi omba sasa," Ekai akamwambia Changawa. "Nimekuja mbali. Niombe kitu, nijue."

Changawa akafungua mdomo. Akaufunga. Mtu aliyevuka mto wa matope na tani ishirini za unga, neno dogo kama "nipe" lilimshinda! Akatazama mkeka. Jael, upande wa pili wa ua, aliacha hata kufua ili asikie vizuri.

"Mimi naomba," akasema Nyevu.

Wakageuka wote wawili.

"Nipeleke, shemeji. Nipeleke kwenu nikaone." Sauti yake ilikuwa ngeni masikioni mwake mwenyewe. "Nataka kupaona Marich. Nataka kuuona huo mto wa mchanga. Nataka kunywa hayo maziwa ya ngamia, hata yakinidhuru. Nataka kusikia watu wanasema lugha nisiyoijua na mimi nimekaa tu katikati, nasikiliza. Naomba."

"Nimekupa," akasema Ekai, papo hapo.

Lakini Changawa alikuwa amekunja uso. "Nyevu. Tangu lini unataka?"

"Tangu safari yako ya kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia!" Sahani zikagongana mikononi mwake. "Nilikwambia kila safari! Nilikuuliza habari ya jua. Nilikufungia mahamri ya watu wawili, Changawa, watu wawili! Nilikuwa nashona gauni jipya kila unapokaribia kuondoka, nikilivaa mlangoni, ukaniambia, 'Limekukaa vizuri,' ukapanda gari!"

Changawa akajibu, sauti imeshuka.

"Na mimi nilikwambia kila safari kiti cha kushoto kiko wazi."

"Nilidhani unalalamika habari ya tanboi."

"Tanboi nilimweka nyuma ya viti, kwenye kitanda cha lori. Miaka yote ile kiti cha kushoto hakukikalia mtu. Nilikitandika kile kitambaa cha maua ulichonishonea. Nilikuwa nasema kiko wazi, nawe unasema, 'Haya, Mungu akutangulie.' Nikajua hutaki. Nikasema, mke wangu ni mtu wa nyumbani, hapendi vumbi, nisimsumbue." Akapangusa macho kwa kiganja. "Basi nikawa natazama kila kitu mara mbili. Mara moja yangu, mara moja ya kukusimulia."

Nyevu akaketi chini, pale pale alipokuwa, sahani mapajani. Akalia kwa sauti, bila bafu wala maji ya kumfichia. Alilia kwa safari zote zile. Ngapi? Mia tatu? Mia tatu na kitu, na kiti kimekaa na kitambaa cha maua, kinakwenda kitupu na kurudi kitupu.

Ekai aliwatazama, huyu, kisha huyu.

"Nyumba hii ni moja?" akauliza. "Mnalala nyumba moja?"

"Moja," akasema Changawa.

"Nyinyi ni watu wa ajabu sana," akasema Ekai, kwa upole, bila dhihaka. "Nitawasimulia nyumbani. Hawataniamini."

Mansur alikuwa apakie Jumatatu. Siku zilizobaki Nyevu alibadili nia mara kumi. Nani atamkanda mgongo mzee? Jael akasema kwa sauti ya mtaa mzima kwamba yeye ana mikono miwili na ameshamkanda mama mkwe mzito kuliko huyo. Majoho ya kwaya je? Kwaya itaimba na nguo za kawaida, Mungu haangalii majoho. Lakini kikwazo chenyewe hakikuwa hicho, na Changawa akakijua. Jumapili baada ya ibada Nyevu alimwambia wazi, maana alishajifunza kusema.

"Nilitaka kwenda na wewe. Si kwenda tu. Nilitaka nikae kushoto, wewe uko kulia, unionyeshe kwa kidole."

"Najua."

"Sasa naenda kuonyeshwa na nani?"

"Mimi nilishakuonyesha," akasema Changawa. "Wewe nenda ukahakikishe kama nilisema kweli."

Jumatatu asubuhi akakataa kubaki nyumbani. Walimlaza kwenye viti vya nyuma vya gari la mchungaji mpaka Changamwe, kwenye yadi ya malori, akateremka kwa fimbo, akasimama, uso umemkunjamana kwa maumivu. Mkononi alikuwa na mfuko wa mahamri. Aliyapika mwenyewe alfajiri, amelala nusu na kusimama nusu, na Nyevu akayaona yalivyoungua upande mmoja na kuwa mabichi upande wa pili.

"Nimetia mengi," akasema Changawa. "Yanawatosha watu wawili." Akatabasamu, lakini tabasamu halikukaa.

Ekai akapanda nyuma, kwenye kitanda, na kofia yake na redio yake. Mansur akawasha injini. Nyevu akapanda upande wa kushoto, ngazi ndefu kuliko alivyodhani, akaketi. Kitambaa cha maua kilikuwa pale. Mansur aliombwa akitafute kwenye gari la zamani, akakipata chini ya kiti, akakifua, akakitandika. Aliyemwomba alikuwa Changawa. Hilo Nyevu aliambiwa baadaye, walipofika Mtito Andei.

Changawa alikuwa amesimama chini, mkono mmoja umeshika mlango, hauachii. Mansur akapiga honi kidogo, kwa heshima. Mkono haukuachia.

"Omba," akasema Ekai kutoka nyuma.

Changawa akatazama huku na huku kama Nyevu alivyofanya siku ile ya leso, hapana wa kumwokoa.

"Nyevu," akasema. "Nipe hiyo leso."

Nyevu akaivua begani, haraka, mpaka ikamnasa kwenye hereni. Akampa kwa mikono miwili. Changawa hakukataa mara ya kwanza wala ya pili. Aliipokea, akaikumbatia kifuani, watu wa yadi wote wanamwona.

"Ukirudi unisimulie," akasema. "Yote. Kama mtu ambaye sijafika."

"Nitakusimulia."

"Naomba."

"Nimesikia, mume wangu. Nitakusimulia."

Lori likasogea. Nyevu akatoa kichwa dirishani, akamwangalia mpaka ukuta wa yadi ukamficha, mzee mwembamba aliyekunja leso ya mwanamke kifuani, fimbo imeanguka na hajaiona. Kisha akajirudisha ndani. Mbele palikuwa Miritini, halafu Mazeras, halafu yote yaliyokuwa nyuma ya daftari. Akafungua mfuko, akatoa mahamri mawili, yameungua upande huu na mabichi upande ule. Akageuka kulia, mkono umeshanyooka, jina la mumewe liko mdomoni.

"Ahsante, mama, nimeshiba," akasema Mansur, macho barabarani.

"Chukua," Nyevu akamwambia. Akangoja kidogo. "Chukua, mwanangu. Nakwambia mara ya tatu kabisa. Chukua."